Masta silinda kubwa haikupi breki kali

Wiki hii nimeulizwa tena, na safari hii jibu la mistari miwili halinitoshi: "Fundi, nimefunga diski mbele, sasa niweke masta ya inchi moja ili breki ziwe na nguvu?" Hapana. Masta silinda ni pampu inayosukumwa na pedali ili kupeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu, na hiyo inchi ni kipenyo cha pistoni yake. Ukiweka masta kubwa na mengine yote yakabaki vilevile, breki zinapungua nguvu. Nimelisema hili mara nyingi sana, na kila mara mtu ananitazama kana kwamba nimesema maji yanapanda mlima.

Chukua gari la zamani lisilo na busta, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu. Pima pedali: kutoka egemeo lake hadi katikati ya pale unapokanyaga ni milimita 300, kutoka egemeo hadi fimbo ya masta ni 60. Uwiano ni 5. Ukikanyaga kwa nguvu ya kilo 30, fimbo inaisukuma pistoni kwa kilo 150. Masta ya inchi 3/4 ina uso wa pistoni wa sentimita za mraba 2.85, kwa hiyo presha inayofika kwenye kalipa, yaani kibanio kinachobana pedi kwenye diski, ni kama kilo 52 kwa kila sentimita ya mraba. Funga ya inchi 7/8, yenye uso wa 3.88, presha inashuka hadi 38 na kitu. Funga ya inchi moja, uso 5.07, unabaki na 29 na kitu. Mguu ni uleule, gari ni lilelile, na umepoteza zaidi ya asilimia 40 ya presha yako kwa hela yako mwenyewe.

Kinachowadanganya watu ni mguu. Masta kubwa inasukuma mafuta mengi kwa mwendo mfupi, pedi zinagusa diski mapema, na pedali inasimama juu, ngumu kama jiwe. Tuseme mfumo unahitaji mililita 4 za mafuta hadi pedi zibane. Kwa masta ya 3/4 pedali itashuka kama milimita 70. Kwa ya inchi moja, 39 tu. Mtu akikanyaga gari likiwa limeegeshwa anatabasamu: "Sasa hii ndiyo breki!" Lakini pedali kukaa juu kunakueleza tu jinsi mafuta yalivyosogea. Hakukuelezi gari litasimama wapi.

Niliwahi kuletewa gari la namna hiyo. Diski mpya mbele, kalipa safi, masta ya inchi moja iliyotolewa kwenye gari kubwa lenye busta, na gari lenyewe halina busta. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha pedi mara mbili akidhani ni za bandia. Nilitoa skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa ya mbele, nikafunga geji ya presha mahali pake, nikamwambia akanyage kama vile mtoto amekatiza barabara. Akaupigilia mgongo kwenye kiti, mishipa ya shingo ikamsimama, na sindano ikafika 40 ikagoma. Tukafunga masta ya 3/4, tukatoa upepo, akakanyaga akiwa ameketi kawaida. Sindano ikapita 60. Pedi zilikuwa nzima tangu mwanzo.

Busta inabadilisha hesabu, bila shaka. Inaongeza nguvu kwenye fimbo, ndiyo maana gari lenye busta linaweza kubeba masta kubwa na pedali yenye uwiano mdogo, karibu na 4, wakati pedali isiyo na busta huwa karibu na 6. Kwa hiyo usinitajie masta bila kuniambia ilitoka kwenye gari la aina gani.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote: kalipa za pistoni nne. Mtu anahesabu pistoni nne, anaona ni mara nne ya moja, anakimbilia masta kubwa. Kaa chini na kalkuleta. Katika kalipa isiyotembea, yenye pistoni pande zote mbili za diski, pistoni za upande mmoja zinabana dhidi ya za upande wa pili, kwa hiyo kwa nguvu ya kubana unahesabu upande mmoja tu. Pistoni mbili za milimita 38 zina uso wa sentimita za mraba 22.7. Kalipa inayoteleza, ambayo pistoni iko upande mmoja na mwili wake unasogea kuvuta pedi ya pili, yenye pistoni moja ya milimita 54 ina 22.9. Nguvu ni ileile. Na mafuta? Pistoni moja ya kalipa inayoteleza lazima isafiri umbali wa nafasi zote mbili, ya pedi ya ndani na ya nje, wakati kila pistoni ya kalipa isiyotembea inaziba nafasi ya upande wake tu. Ukizidisha, mafuta yanalingana. Pistoni nne zinaweza kukupa pedi ndefu iliyobanwa sawasawa na kalipa isiyopinda kirahisi, na hizo ni faida za kweli. Lakini haziidai masta kubwa kwa sababu tu ni nne.

Anza kwenye kalipa, rudi nyuma hadi mguuni. Tuseme kalipa ya zamani ilikuwa ya kuteleza yenye pistoni ya milimita 48, uso 18.1, na mpya ni ya 54. Kwa masta ileile umepata nguvu zaidi kwa asilimia 26 hivi mbele, na mafuta yanayohitajika huko yameongezeka kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo pedali itashuka zaidi. Kama bado inabaki mbali na sakafu, acha masta kama ilivyo. Kama inakaribia sakafu, panda hatua moja, inchi 13/16, yenye uso wa kama 3.34. Hapo unarudisha sehemu ya nguvu uliyoinunua ili upate pedali ya juu kidogo. Ukiruka hadi 7/8 umeirudisha yote na ya ziada: kwa diski na pedi za aina ileile, breki zako mpya zitabana chini ya za zamani.

Mengine kwa haraka. Masta ya breki za dramu mara nyingi ina vali inayobakiza presha ya kama kilo 0.7 kwa sentimita ya mraba, ukiiacha kwenye mstari wa diski, pedi zitaburuza. Kama masta iko chini kuliko kalipa, kama kwenye Morris Minor ambako imefichwa chini ya sakafu ya dereva, weka vali ndogo ya kilo 0.14 ili mafuta yasirudi. Kama gari bado lina masta ya chemba moja, hamia ya chemba mbili, maana bomba moja likipasuka huna breki kabisa. Na usitegemee masta irekebishe mgawanyo wa mbele na nyuma: katika hali ya kawaida chemba zote mbili zinatoa presha karibu sawa, kwa hiyo hiyo ni kazi ya kalipa, silinda za nyuma na vali ya kupunguza presha.

Hesabu ya presha huwa inakubaliana na geji yangu. Hesabu ya mwendo wa pedali haijawahi kukubaliana nami hata siku moja. Hozi zinavimba, mipira ya pistoni inajikunja, na ukuta wa injini wa gari la miaka 50 unapinda. Mwambie mtu akanyage huku wewe umeitazama masta, utaiona ikisogea. Milimita chache hapo zinakuwa kumi na kitu kwenye pedali. Ndiyo maana kati ya 3/4 na 13/16 huwa siapi. Nafunga ndogo kwanza, nabadilisha hozi, natia bati la kukaza ukuta, najaribu barabarani, ndipo naamua.

Ukishafunga, acha nafasi ya kama milimita moja kati ya fimbo na pistoni. Ukiibana fimbo, mpira wa pistoni unaziba kile kitundu kidogo kinachorudisha mafuta kwenye kichupa. Kwenye karakana gari litasogea vizuri tu. Baada ya kilomita kadhaa mafuta yatapata joto, yatapanuka bila pa kwenda, na breki zitaanza kushika zenyewe huku hujagusa pedali.