Fonti Nyembamba ya Mapambo si ya Kuandikia Namba ya Simu

Msimu wa harusi ukikaribia, maombi ni yaleyale. Mteja ananionyesha picha ya kadi kwenye simu, majina ya maharusi yameandikwa kwa fonti ya Poiret One, naye anataka “yote iwe hivi”. Yote maana yake aya ya mwaliko, ratiba, ukumbi na namba za kupokelea mchango.

Dhana: fonti ikipendeza kwenye jina, itapendeza kadi nzima.

Hii ndiyo inayonichosha. Poiret One, kazi ya Denis Masharov, ilichorwa kwa ajili ya vichwa vya habari, lebo na mabango. Mistari yake ni myembamba, na O yake inakaribia duara kamili. Ikiwa pointi 48 (pointi ni kipimo cha saizi ya herufi), wembamba huo ndio urembo wenyewe. Ishushe hadi pointi 9 na kila mstari unapungua zaidi ya mara tano. Kwenye karatasi unabaki unywele. Kwenye simu mstari unakuwa mwembamba kuliko pikseli moja, yaani nukta moja ya skrini, skrini inauchora kwa kijivu, kisha kadi inarushwa kwenye kundi la WhatsApp, picha inabanwa, na kilichokuwa kimebaki kinafutika. Halafu ndugu wanatuma mchango kwa namba isiyo yako!

Wachonga herufi walilijua hili zamani. Enzi za herufi za madini ya risasi kila saizi ilichongwa peke yake, na zile ndogo zilipewa mistari minene kidogo ili zisomeke. Fonti ya ITC Bodoni ya 1994 ilifuata desturi hiyo kwa kutoka katika matoleo ya Six, Twelve na Seventy-Two, kila moja kwa saizi yake ya pointi. Poiret One haina toleo la saizi ndogo, na kulitafuta ni kupoteza muda.

Kwangu ni hivi: majina mawili kwa fonti ya mapambo, basi. Mengine yote fonti ya Lato ya kawaida. Anayebisha nampa jaribio: chapa kadi kwa saizi yake halisi kwenye karatasi ya kawaida, mpe shangazi asome bila miwani. Akiuliza “hii ni 1 au 7?”, mjadala umekwisha.

Dhana: ikififia, weka boldi.

Poiret One ina uzito mmoja tu. Boldi unayoiona ni programu inayoipaka herufi unene kwa nje; matundu ya “e” na “a” yanazibika, na ile haiba uliyoilipia inapotea. Ukitaka unene, chagua fonti iliyochorwa nene.

Dhana: maandishi meupe juu ya rangi nyeusi yamekatika kwa sababu mashine ni mbovu.

Mara nyingi si mashine. Wino hutambaa kidogo kwenye karatasi na kuumeza mstari mwembamba kutoka pande zote mbili. Weusi huo ukiwa umechanganywa kwa rangi nne za uchapaji, pleti moja (bamba linalochapa rangi moja) ikisogea kidogo tu, herufi imeliwa. Ongeza saizi, au tumia wino mweusi peke yake.

Dhana: fonti yoyote iliyopakuliwa bure ni ya bure.

Soma leseni. Poiret One iko chini ya SIL Open Font License, kwa hiyo kazi ya biashara inaruhusiwa. Nyingi za kwenye tovuti za kupakua zimeandikwa wazi kuwa ni za matumizi binafsi, na kadi unayomlipisha mteja haimo humo.