Muda wa kusubiri kuisha si malipo kushindwa

Nimeletewa tena msimbo wa programu niukague, na ndani yake upo mstari uleule: seva ya malipo isipojibu ndani ya sekunde 30, oda inaandikwa "imeshindwa" na mteja anaambiwa alipe upya. Aliyeuandika ni kijana hodari, na hilo ndilo linalonisumbua. Imani hii, kwamba kimya cha seva ni malipo kushindwa, haitokani na uvivu. Watu wanairithi kwenye mifano wanayonakili, na inakula pesa za wateja.

Seva isipojibu, hujui kitu. Huenda ombi halikufika. Huenda lilifika, pesa zikakatwa, na jibu ndilo lililopotea njiani. Ukiwa upande wako, hali hizo mbili zinafanana kabisa. Wala msiusingizie mtandao wetu. Jim Gray, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alilieleza tatizo hili mwaka 1978 kwa mfano wa majenerali wawili wanaotumiana wajumbe kupitia bonde lenye adui: hata wakituma wajumbe wengi kiasi gani, hawatafika mahali ambapo wote wawili wana uhakika kamili. Intaneti ya kasi hailiondoi.

Malipo ya simu yana ugumu wa ziada, maana jibu la kwanza halihusu malipo. Ukituma ombi la M-Pesa ya Kenya kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, jibu la papo hapo linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja hata hajaweka namba ya siri. Matokeo huja baadaye kwenye anwani ya mtandaoni uliyoitoa, yakiwa na namba: 0 amelipa, 1032 amekatisha. Jenga mfumo wako ukijua taarifa hiyo inaweza kuchelewa, kuja mara mbili, au isije kabisa. Kwa hiyo oda ina hali tatu, si mbili: imelipwa, imeshindwa, haijulikani. Iliyo haijulikani unaiulizia kwa namba ya ombi lilelile. Humtozi mtu upya.

Hapo wengi hunijibu kwamba wameshazuia marudio. Wamezuiaje? Simu ileile, kiasi kilekile, ndani ya dakika tano: kataa. Jamani! Hili linaniudhi kuliko kosa la mwanzo, kwa sababu linaonekana kama tiba. Mama ana watoto wawili shule moja, ada sawa. Analipa ya Asha, anageuka kulipa ya Juma, mfumo unamkatalia kwamba ameshalipa. Atabishana na nani? Kiasi na namba ya simu havisemi mtu amekusudia nini. Kinachosema ni oda: ada ya Asha ni oda moja, ya Juma ni nyingine. Basi tengeneza namba ya kumbukumbu pale oda inapoundwa, kabla mteja hajabonyeza "Lipa", uihifadhi, na kila jaribio la oda hiyo libebe namba hiyohiyo. Ukiitengeneza ndani ya kitufe chenyewe, kila akibonyeza inatoka namba mpya, na hujazuia lolote.

Tena, unapoandika malipo kwenye rekodi, usitafute kwanza kama namba ipo ndipo uingize. Taarifa mbili zikifika kwa pamoja, zote zitatafuta, zote zitakuta hakuna, zote zitaingiza. Weka sharti la upekee kwenye hifadhidata yenyewe, ikatae namba ileile kuingia mara ya pili.

Sasa, usubiri muda gani kabla ya kuifunga oda isiyojulikana? Sina jibu linaloniridhisha. Ukifunga mapema, taarifa ya malipo itafika wakati kiti cha basi umeshamuuzia mwingine. Ukichelewa, kiti kimeshikiliwa na mtu aliyeghairi safari. Kwa tiketi nachagua muda mfupi na utaratibu wa kurudisha pesa. Kwa ada za shule nasubiri hata siku nzima, maana nafasi ya mtoto haiuzwi kwa mwingine. Uamuzi huo ni wa wenye biashara, na mtengeneza programu asiufanye kimyakimya ndani ya msimbo.

Na hata ukiyafanya yote haya, kila asubuhi linganisha taarifa ya miamala kutoka kwa mtoa huduma na rekodi zako, oda kwa oda. Sijaona mfumo ninaouamini kiasi cha kuacha zoezi hilo. Ikitokea tofauti, hata ya malipo moja, ifuatilie siku hiyohiyo, mteja angali na ujumbe wa malipo kwenye simu yake.