Nani kakwambia gari lako limebanwa pumzi?

Jumamosi, kahawa chungu kikombe cha kwanza hata sijakimaliza, Toyota Fielder inaingia gereji hapa Changamwe, Mombasa. Kijana anateremka na koni nyekundu mkononi, ile filta ya hewa ya wazi isiyo na boksi, bado imo kwenye nailoni.

"Shikamoo fundi. Nitolee hili boksi la filta, nifungie koni. Nataka gari lipumue."

"Marahaba. Nani kakwambia limebanwa pumzi?"

"La mwenzangu ukilisikia linavyonguruma, fundi!"

Huyu ni wa tatu mwezi huu, ndiyo maana naandika.

Kunguruma, litanguruma. Boksi la kiwandani limeundwa limeze mvumo wa hewa. Ukiling'oa, mvumo unatoka, na sikio linauambia mguu kwamba nguvu za farasi zimeongezeka. Lakini hewa inabanwa wapi hasa? Kwenye foleni ya Kibarani, mguu umegusa mafuta kidogo tu, kinachobana ni kibati cha throtoli, kile kinachofungua na kufunga njia ya hewa ukikanyaga mafuta, na ndiyo kazi yake. Hapo hata ufunge filta ya dhahabu. Filta huanza kuhesabika ukikanyaga hadi chini, na hata hapo filta safi ya karatasi hupoteza kama kilopaskali moja au mbili za shinikizo kati ya 101 za hewa ya usawa wa bahari. Sisi wa pwani hewa tunayo tele. Wa Nairobi, huko mita 1,700 na ushei, ndio walie.

Joto nalo mtu halitazami. Boksi huvuta hewa ya mbele, ya nje. Koni iliyoachwa wazi huvuta hewa iliyokwisha kupikwa na rejeta. Niliwahi kuchomeka skana kwenye gari la koni, saa saba mchana, foleni haisogei: hewa inaingia injini ikiwa digrii 64. Tukarudisha boksi, njia ile ile: 41. Tofauti hiyo inaipunguzia hewa uzito kama asilimia 7, na nguvu nayo hufuata. Gari likishika mwendo kuelekea Mazeras koni hupoa, sikatai. Lakini wangapi wetu tunashika mwendo?

Halafu sensa ya kupima hewa inayoingia injini. Hili hata mafundi wenzangu hulipuuza, na ndilo linaloniletea magari ya kutengeneza kazi za watu. Ndani yake mna waya unaopashwa moto, na hauioni hewa yote. Huonja ile inayopita mbele yake tu, kisha kompyuta ya injini inapiga hesabu kwa upana wa bomba inaoujua. Tuseme bomba la kiwandani ni milimita 60, nawe umefunga la 70 kwa kuwa linang'aa. Eneo limeongezeka asilimia 36. Hewa inapita polepole, sensa inaripoti pungufu, petroli inatoka pungufu. Mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni, ile ya kwenye ekzosi, itafidia. Ikishindwa, taa ya injini inawaka na mteja anakuja kuniambia sensa mbovu. Sensa nzima, bomba ndilo bovu! Ukikanyaga hadi chini, fidia hiyo si ya kutegemea, na injini inayokula hewa nyingi kwa petroli chache huanza kugonga.

Koni za pamba zipakwazo mafuta, ukizidisha yanaruka hadi kwenye waya. Nimeosha sensa kadhaa zenye utando. Kama ulikuwa mafuta au vumbi lililopenya pamba, siwezi kuapa.

Na nikiri jingine. Kuna Subaru ya turbo niliyoifunga koni ndani ya kisanduku cha kukinga joto, kompyuta ikasetiwa upya, ikawa yavuta vizuri mno. Ni koni au ni kompyuta? Mashine ya kupima farasi sina. Nina makalio yangu, nayo hudanganywa na mvumo kama masikio ya mteja.

Turudi kwa kijana. Nikafungua boksi lake. Karatasi nyeusi tititi, na kwenye pua ya boksi majani makavu ya mwarobaini.

"Filta ulibadilisha lini?"

"Huwa naipuliza tu kwa kompresa, pale ninapojaza upepo."

Jamani, kompresa! Karatasi inapasuka vitundu usivyoviona, mchanga unapita kwenda kusaga ringi, baadaye unaniuliza moshi wa buluu umetoka wapi. Igonge kidogo vumbi lidondoke, au nunua mpya.

"Lakini fundi, gari kweli limelegea siku nyingi."

Hapo nikanyamaza, maana lilikuwa limebanwa pumzi kweli. Petroli halikuzidisha, magari ya injekta hayali petroli zaidi kwa filta chafu kama watu wanavyodhani, ila mlimani lazima lilikuwa linakohoa. Nikatoa majani, nikaweka karatasi mpya. Akalipeleka hadi Mikindani na kurudi, akashuka anacheka.

"Limefunguka, fundi." Akaitazama koni yake pale benchini. "Sasa ile sauti ndiyo siipati kabisa?"