Karl Freund na mwanga wa kamera tatu

Karl Freund, mpiga picha wa sinema, alizaliwa mwaka 1890 huko Bohemia, sasa Jamhuri ya Czech, akakulia Berlin na kuanza kazi ya sinema kwa kuendesha projekta. Katika filamu ya mwongozaji Mjerumani Murnau ya mwaka 1924, The Last Laugh, alijifunga kamera kifuani na betri mgongoni ili uzito usimwangushe mbele, kisha akayumbayumba kama mlevi. Alihamia Marekani mwaka 1929, miaka minne kabla Hitler hajashika madaraka, kwa hiyo wanaomhesabu miongoni mwa waliomkimbia Hitler mwaka 1933 wanakosea. Hollywood ilimpa nafasi ya kuongoza filamu, ikiwemo The Mummy (1932), lakini baada ya 1935 alirudi kwenye kamera. Picha zake za The Good Earth zikampatia Oscar.

Kazi yake ngumu ilimkuta uzeeni. Mwaka 1951 waigizaji Desi Arnaz na Lucille Ball walimwita apige picha za I Love Lucy, kipindi chao cha vichekesho cha televisheni: kamera tatu za filamu ya milimita 35 kwa wakati mmoja, mbele ya watazamaji wapatao 300. Kamera ya katikati ilichukua picha pana, za pembeni zikachukua nyuso.

Hapo ndipo taa zinapoleta balaa. Katika sinema, taa hupangwa upya kila kamera inapohama. Hapa haiwezekani: taa inayompendeza mwigizaji upande huu humtupia kivuli cha pua upande wa pili, na kivuli cha maikrofoni kikatua ukutani. Nguzo za taa sakafuni nazo huzuia vigari vya kamera.

Freund alizipandisha karibu taa zote juu, akatandaza mwanga sawasawa jukwaa zima. Mwanga wa juu pekee huacha macho yakiwa mashimo meusi, basi kila kamera ikafungiwa taa ndogo juu ya lenzi. Seti ilipakwa rangi za kijivu, kwa sababu televisheni za wakati ule zilizidisha tofauti ya weupe na weusi.

Vipindi vingi vya moja kwa moja vilihifadhiwa kwa kupiga filamu ya kioo cha televisheni, na picha ikatoka na ukungu. Negativu za Freund, yaani filamu asilia zilizotoka kwenye kamera, zilibaki safi, ndiyo maana vituo viliweza kukirudia kipindi hicho miaka na miaka.