Pampu ya Petroli ya Gari la Zamani Ikipata Ufa: Dhana za Gereji na Ukweli Wake

Nazungumzia pampu zile za magari ya kabureta, zinazofungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na kamshafti, yaani mhimili wa ndani unaofungua valvu za injini. Mwenye Land Rover Series II au Peugeot 404 akiona petroli inachuruzika hapo, mara moja anaifungua pampu na kuipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Pampu nyingi zinafia kwenye meza ya kuchomelea, ilhali zilikuwa zinaokoleka, na kuzipata nyingine kunazidi kuwa kazi.

Dhana: Pampu ikivuja, basi imepasuka.

Si lazima. Chini ya mwili wa pampu kuna tundu dogo lililotobolewa makusudi kiwandani. Dayaframu, yaani ngozi laini inayopanda na kushuka ndani ya pampu kuvuta petroli, ikichanika, petroli hutokea hapo ili dereva ajue. Chomoa na dipstiki pia, ile fimbo ya kupimia oili: oili ikiwa imepanda na inanuka petroli, kosa ni la dayaframu, na dawa yake ni seti ya vipuri vya matengenezo, si moto.

Kuhakikisha ufa, acha injini ipoe, futa pampu mpaka ikauke kabisa, kisha ipake unga wa chaki. Land Rover hizo zina mkono mdogo wa kupampu kwa kidole. Upampu taratibu huku ukiangalia: chaki italowa na kubadilika rangi pale pale petroli inapotokea, hata kama ufa ni mwembamba kama unywele.

Dhana: Hiyo ni aluminiamu, fundi wa aluminiamu ataimaliza.

Hapa ndipo hasara kubwa inapotokea. Pampu nyingi za miaka hiyo hazikutengenezwa kwa aluminiamu. Ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya zinki yenye aluminiamu kama asilimia 4 tu, iliyomiminwa kwenye kalibu kwa shinikizo. Kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ndiyo iliyoanzisha familia ya aloi inayoitwa Zamak mwaka 1929. Uingereza wanaiita Mazak. Inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 380 hivi za Selsiasi, wakati aluminiamu safi husubiri mpaka 660. Zinki yenyewe huchemka kwenye 907, na moto wa umeme wa kuchomelea unapita hapo mara kadhaa.

Tatizo jingine ni kwamba haitoi onyo. Chuma hubadilika kuwa chekundu kabla ya kulainika, fundi akajua aondoe moto. Zinki hubaki kijivu vile vile, halafu ghafla sikio lote la bolti, yaani ile pembe yenye tundu la kupitishia bolti, linaporomoka mezani na kuacha shimo.

Kwa hiyo pima kwanza. Sumaku ikinasa, ni chuma cha kalibu. Isiponasa, ishike mkononi: aloi ya zinki ina uzito zaidi ya mara mbili ya aluminiamu yenye ukubwa uleule. Ikithibitika kuwa ni aluminiamu, fundi mzuri wa gesi ya agoni anaweza kuichomelea, ilimradi valvu, dayaframu na springi zimetolewa zote. Kwa zinki zipo rodi za joto la chini, lakini nyingi huyeyuka karibu sana na kiwango cha pampu yenyewe. Asiyezizoea ajifunzie kwenye pampu iliyokwisha kufa.

Dhana: Fundi akinywa maziwa, moshi haumdhuru.

Dhana hii inaumiza watu. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaotua kama sufi nyepesi. Anayeuvuta hupata kiu, ladha ya chuma mdomoni, na saa chache baadaye baridi kali, homa na maumivu ya mwili. Wengi hudhani ni malaria. Maziwa huenda tumboni. Moshi umeingia mapafuni. Kinachosaidia ni kufanyia kazi nje penye hewa, na kuvaa barakoa yenye kichujio cha moshi wa metali.

Dhana: Nimeshaimwaga petroli, haina hatari.

Kinacholipuka ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Matone hubaki nyuma ya valvu na katikati ya tabaka za dayaframu, kwa hiyo pampu ifunguliwe yote, ioshwe kwa sabuni na maji ya moto, kisha ikauke. Usiisafishe kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kuchomelea: mabaki yake yakikutana na moto huo yanaweza kutoa fosijini, gesi ya sumu inayoua.

Dhana: Sabuni ya kipande inatosha kuziba ufa.

Kwenye tenki, sabuni inaweza kukufikisha nyumbani kwa sababu petroli haiiyeyushi. Pampu inatikisika, ina joto, na inasukuma kwa mapigo. Sabuni itachomoka juu ya injini ya moto. Kwa ufa mdogo usio kwenye sikio la bolti, heri gundi ya epoksi yenye unga wa chuma inayostahimili petroli: toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, kwaruza kwa msasa, ondoa mafuta yote, paka, na uache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Lakini ukiona nyufa nyingi zilizotandaa kama utando na uso umevimba, iache. Huo ni ugonjwa wa zinki iliyochanganyika na risasi au bati tangu kiwandani, na unatafuna mwili mzima.

Dhana: Funga pampu yoyote ya umeme.

Kabureta nyingi hutaka shinikizo la paundi 2 hadi 6 kwa inchi mraba. Pampu za magari ya sindano, yaani yanayopulizia petroli badala ya kutumia kabureta, husukuma 40 na zaidi, na petroli itafurika juu ya injini. Nunua ya shinikizo dogo, na iwe na swichi inayoizima pampu hiyo pale injini inapozimika, kwa sababu ile ya zamani ilisimama yenyewe pamoja na injini.

Dhana: Kaza bolti kwa nguvu, gasketi itaziba.

Masikio mengi hupasuka hivyo hasa. Uso wa pampu ukiwa umepinda, bolti hulikunja sikio mpaka likatike. Kabla ya kufunga hata pampu mpya, bandika msasa juu ya kioo cha dirisha, usugue uso huo kwa mzunguko mpaka ung'ae sawasawa kote, uweke gasketi mpya, kisha ukaze bolti kwa zamu, kidogo kidogo.