Anayesema "Uongo!" Ndiye Anayeshindwa

Baba yangu alikuwa na kidole gumba kisicho na ncha. Nilipokuwa na miaka mitano, ncha hiyo ilikuwa imeliwa na samaki. Nilipofika saba, samaki yule alishakuwa mrefu kuliko mtumbwi, na baba alikuwa amelazimika kumtegua mataya kwa kasia. Alisimulia mkono ukiwa mbele ya taa, kivuli cha kidole kikicheza ukutani, uso mkavu kama wa hakimu.

Leo nachunguza hadithi za chuku kwa mshahara. Sisi wa fasihi simulizi hatuziweki kapu moja na uongo. Mwongo hataki ujue. Mpiga chuku anataka ujue, ila usimkatize. Huanzia kwenye mambo ya kweli kabisa, kama vile mvua ya asubuhi, njia yenye matope na mbwa anayechechemea, kisha anatia chumvi chembe baada ya chembe. Ukija kushtuka, umeshaitikia mengi mno kuanza kubisha.

Katika faharasa ya ATU, orodha ya aina za ngano za mataifa mbalimbali, ile iliyoanzishwa na Antti Aarne mwaka 1910 na kusukwa upya na Hans-Jörg Uther mwaka 2004, chuku zina namba 1875 hadi 1999. Lakini inayonigusa zaidi iko mbali na hapo, namba 852. Kijana anamsimulia binti mfalme mambo yasiyowezekana. Binti akitamka "Uongo!" tu, ameshindwa na ataolewa. Anavumilia yote, anaitikia yote. Katika masimulizi mengi kinachomponza ni kijana kumzulia mzazi wake jambo la aibu. Hapo binti anapayuka.

Mimi nilipayuka nikiwa na miaka kumi na mitatu. "Baba, huo ni uongo." Akaniangalia, akasema, "Haya." Samaki hakutajwa tena nyumbani kwetu kwa miaka. Nami nilidhani nimeshinda!

Wapo wanaosema baba wa namna hii anajificha nyuma ya hadithi zake, na mtoto wa kiume anabaki akimtafuta mtu asiyemjua. Kuna ukweli hapo, hasa kwa mtoto aliyehitaji jibu akapewa kichekesho. Ila kwa baba yangu sikubali. Anayetaka kuficha kidole hukitia mfukoni. Yeye alikileta kwenye mwanga.

Plutarko, mwandishi wa Ugiriki ya kale, anao mzaha wa mtu aitwaye Antifane: kuna mji wenye baridi kali kiasi kwamba maneno huganda mara tu yanapotoka kinywani, kisha huyeyuka na watu husikia kiangazi yale waliyozungumza kipupwe. Chuku hiyo imetembea karne nyingi na ina namba yake, 1889F. Kinachosahaulika ni kwa nini ilitajwa. Antifane alikuwa akiwasema vijana waliofundishwa na mwanafalsafa Plato: wengi wao, alisema, waliyaelewa maneno ya mwalimu walipokwisha kuwa wazee.

Tena chuku ina makao yake: mezani, kati ya watu wanaojuana. Baron von Münchhausen, Mjerumani aliyestaafu jeshi, aliwasimulia wageni wake visa vya vita na uwindaji, wakacheka na kurudi tena. Mwaka 1785 mwandishi Rudolf Erich Raspe akatoa visa vya namna hiyo kwa jina la Baron katika kitabu cha Kiingereza, bila kuweka jina lake mwenyewe. Baron alikasirika, na si ajabu. Mezani alikuwa msimuliaji. Kitabuni akawa mwongo.

Hilo nililisoma kwanza, nikalielewa baadaye, siku nilipomrekodi baba kwa ajili ya utafiti. Niliweka kinasa sauti mezani, nikamwuliza habari za kidole. Akakiangalia kile kitaa chekundu.

"Mashine ya kupasulia mbao," akasema. "Ilikuwa alasiri. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alizimia, mimi sikuzimia." Akanyamaza. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kusikia kwamba kulikuwa na mwenzake.

Nikabonyeza kitufe.

"Umezima?"

"Nimezima, baba."

Akakisukuma kinasa sauti hadi ukingoni mwa meza, akainua kidole gumba. "Sasa, yule samaki," akasema, "hakuwa peke yake."