Hati ya kiwanja na ruhusa ya kukitumia
Wengi huamini kwamba mwenye hati ya kiwanja anaweza kukitumia apendavyo. Kwa kawaida hati huthibitisha umiliki. Matumizi, yawe makazi, biashara au viwanda, huongozwa na mpango wa eneo, yaani mgawanyo rasmi wa matumizi ya ardhi, na mara nyingi kugeuza nyumba ya kuishi kuwa duka huhitaji idhini ya kubadili matumizi hata pasipoongezwa tofali. Kibali cha ujenzi ni jambo jingine. Duka la jirani nalo si ushahidi kwamba nawe unaruhusiwa, kwani huenda lilitangulia mpango wenyewe. Kabla ya kulipia chochote, omba mamlaka ya mipango ikuonyeshe ramani ya mpango huo, tafuta namba ya kiwanja, kisha usome ufunguo wa rangi, yaani maelezo ya maana ya kila rangi, pamoja na masharti ya urefu wa jengo na umbali wake kutoka mpakani.